Siku Nzima Majini Nyali: Mwongozo Kamili kwa Watu Wawili

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, anaishi Nakuru. Desemba alishuka Mombasa na orodha ndefu kwenye simu: Fort Jesus, mamba, twiga, kobe, ufuo, feri, na "ile mahali ya kuteleza kwa maji". Vyote siku moja, tena Jumamosi. Nikamwambia, "Wifi, hayo si matembezi, hizo ni mbio za kupokezana vijiti." Akacheka, lakini orodha hakuifuta mpaka nilipoifuta mimi.

Niliyoyaandika hapa yametoka kwenye siku ile na nyingine kabla yake, nilizotoka na shoga zangu, na mara moja na mama mkwe ambaye hakuvua hata viatu. Bustani ya maji ni ile ile kila ukienda. Siku huharibika au kutengenea kwa sababu ya uliyekwenda naye. Basi panga kila kitu kwa kumwangalia mwenye woga zaidi kati yenu. Mwenye ujasiri hana haja ya kupangiwa, atajirusha tu popote.

Kwanza, futa orodha

Chagua kituo kimoja kikubwa na kimoja kidogo. Basi. Ukiongeza cha tatu, siku yako utaimalizia kwenye foleni ya magari daraja la Nyali ukiangalia nyuma ya lori.

Kwa anayetaka kuteleza na kulowana, kituo kikubwa ni Wild Waters, iko Nyali barabara ya Links. Kama mwenzako hataki maji kabisa, msimlazimishe. Mpeleke Haller Park, Bamburi, kando ya barabara ya kwenda Malindi, muone twiga mnaoweza kuwalisha kwa mkono, kwa kawaida saa tano asubuhi na saa tisa alasiri. Mahali pale palikuwa shimo tupu la mawe ya chokaa, yaliyochimbwa na kiwanda cha saruji tangu miaka ya 1950. Mwaka 1971 Mswisi René Haller akaanza kupanda miti kwenye mwamba ule usio na udongo. Mvinje ukakubali, ila majani yake yalianguka yakakaa bila kuoza. Akaleta majongoo. Majongoo yakala majani, yakatoa mbolea, udongo ukaanza kujengeka. Mtoto yeyote unayemwambia kwamba msitu ule umetengenezwa na majongoo hataki tena kuona twiga, anataka kutafuta majongoo, kwa hiyo jiandae. Na ndipo alipoletwa yule kiboko yatima Owen, aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akamganda kobe mzee kama mama yake.

Fort Jesus niiweke kando leo. Ngome ile iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593 inataka asubuhi yake peke yake, na akili kavu. Ukiingia mle nywele zinatiririka maji hutasikia mwongozaji anasema nini.

Tukaamua: maji ndiyo kazi, Lighthouse, yaani bustani ya Mama Ngina kando ya bahari, jioni ndiyo kituo kidogo. Mamba na kobe wakabaki kwa safari nyingine.

Siku gani, na mwezi ukoje

Epuka Idi, Krismasi na Jumapili za likizo ya shule, yaani Aprili, Agosti, na kuanzia mwisho wa Oktoba hadi mwaka mpya. Najua raha ya Idi ni msongamano. Sisi tuliokulia hapa bembea tulizijua kwenye sikukuu na kwenye shoo ya kilimo pale Mkomani, na kusukumana kwenye foleni ilikuwa sehemu ya sherehe. Lakini ukiwa na mtu mwenye woga wa maji, umati wa vijana wanaopiga mayowe nyuma yake kwenye ngazi utammaliza. Siku ya kazi ndiyo siku. Piga simu kabla, kwa sababu bustani za namna hii hubadilisha saa na viingilio kila msimu, na nyingine hufunga siku moja ya juma kwa usafi. Nimewahi kufika mahali fulani Jumatatu na watoto wanne wa jirani, tukaliona geti tu. Sikuwa nimepiga simu. Kosa langu, na maandazi tuliyala kwenye matatu.

Mvua ndogo isikutishe, maana mlikwenda kulowana. Radi ndiyo ya kuogopa. Ikinguruma, mnatoka majini mara moja, hata kama hamjaambiwa. Masika ya Aprili hadi Juni ndiyo yenye mvua nyingi, na upepo wa kusi huchafua bahari na kutupa mwani ufuoni, kwa hiyo miezi hiyo hata kituo chako kidogo kisiwe ufuo.

Na kama kituo kidogo ni ufuo, angalia mwezi. Si utani. Watu wa bara huja na picha ya bahari ya buluu, wakifika saa nne asubuhi wanakuta maji yamekimbilia mwambani, mchanga mtupu na vidimbwi. Kanuni ya hapa kwetu ni rahisi: mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, yaani maji hujaa sana na kutoka sana, na bamvua ya Mombasa hukupwa saa nne au tano hivi asubuhi, ikajaa saa kumi hivi jioni. Kati ya kujaa na kupwa kwa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Kila siku saa husogea mbele kama dakika hamsini. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani hana haja ya programu ya simu: tarehe mosi na kumi na tano, bamvua, tarehe saba au nane, na ishirini na mbili hivi, maji mafu, hayajai sana wala hayatoki sana. Ukitaka kumaliza siku kwa kuogelea pale ufuo wa umma wa Bamburi, tafuta siku ya bamvua, ufike saa tisa.

Nguo: hapa ndipo siku nyingi huvunjikia

Nitakaa kidogo kwenye nguo, kwa sababu ndiyo fitina kubwa kuliko tiketi.

Bustani za maji hazitaki pamba. Si fulana, si dera, si leso, si kaptura ya jinzi. Watu hudhani ni ukali wa bure, lakini kuna sababu. Pamba hunywa maji ikawa nzito, hung'ang'ania uso wa mtelezo ukakwama katikati, na nyuzi zake huishia kwenye vichujio vya bwawa. Jinzi ndiyo mbaya zaidi kwa sababu ya vifungo na zipu zinazokwaruza plastiki ya mtelezo, na anayekuja nyuma yako atachanika mgongo kwenye mkwaruzo ule. Kinachotakiwa ni nguo ya kuogelea ya nailoni, ile ya kunyumbuka. Kwa anayejisitiri ipo burkini, suruali na kanzu fupi na kilemba chake, na sehemu nyingi za Mombasa mjini na Nyali utawakuta wanawake wameivaa bila mtu kugeuza shingo. Uliza kwenye simu ile ile uliyoulizia saa.

Wifi yangu alikuja na kaptura ya kaka yangu na fulana ya timu ya mpira. Nikampeleka sokoni siku moja kabla. Mitumba ya nguo za kuogelea ipo Kongowea, na ukiwa na subira utapata nzima. Namna ya kuikagua: ivute kwa pande mbili kisha uiachie. Ikirudi haraka, ni nzima. Ikirudi kwa uvivu, au ukisikia inalia kama karatasi, mpira umeshakufa, na itakuvuka mtelezoni mbele za watu. Iinue pia juani uone kama unaona vidole vyako kupitia kitambaa. Kikavu kinaonyesha kidogo, kikilowa kinaonyesha kila kitu. Wifi alichagua ya zambarau, suruali hadi gotini na mikono mirefu. Alipoijaribu nyumbani alijitazama kwenye kioo akasema, "Wifi, nafanana na bilingani." Nikamwambia bilingani huelea vizuri.

Hereni, pete na mikufu ibaki nyumbani. Vidole hupungua majini, pete huteleza bila wewe kujua, na bwawa halirudishi. Wigi pia ibaki, na hili nalisema kwa mapenzi. Nywele zilizosukwa zifunge juu. Kabla ya kuingia bwawani zilowanishe kwa maji ya bomba na upake mafuta kidogo ya nazi. Nywele zilizokwisha kunywa maji safi hazina nafasi ya kunywa klorini nyingi.

Mkoba

Wa watu wawili ni mmoja, si miwili. Taulo moja kila mtu, leso mbili za kujifunga mkitoka, nguo kavu pamoja na za ndani (watu husahau za ndani, wakarudi nyumbani wamekaa kama wamekalia miiba), mfuko mzito usiopitisha maji wa nguo mbichi, ndara, sabuni, losheni ya kukinga jua, maji ya kunywa ikiwa wanaruhusu kuingia nayo, dawa kama mmoja wenu anatumia, na kitambulisho. Kitambulisho ni kwa sababu sehemu nyingi za matembezi hapa zina bei ya mwananchi na bei ya mgeni, na wifi yangu mwenye lafudhi ya Nakuru aliwahi kuulizwa kama ni Mtanzania. Hajasahau.

Juu ya losheni: ile habari kwamba sisi weusi hatuungui na jua ni uongo tunaopeana. Mabega yangu yamewahi kubanduka kama ganda la kitunguu. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, Machi na Oktoba. Paka nusu saa kabla ya kuingia, na rudia kila baada ya saa mbili na kila mkijifuta kwa taulo. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa nywele na kwa samaki wa kupaka, jua hayalizuii vya kutosha.

Na simu. Vile vifuko vya plastiki vya kuvaa shingoni vinauzwa kila mahali, na vingine ni vizima, vingine ni mapambo. Kabla ya kukiamini, tia karatasi ya shashi ndani, kifunge, kizamishe kwenye karai la maji nyumbani nusu saa, ukiwekee jiwe juu. Shashi ikitoka kavu, kiko sawa. Mimi nilikijua kipimo hiki baada ya kuizika simu yangu ya kwanza, si kabla.

Njia

Kutoka kisiwani panda matatu za Nyali na Bamburi, uvuke daraja la Nyali. Mwambie kondakta mapema unashuka wapi. Barabara ya Links iko ndani kidogo ya barabara kuu, kwa hiyo wengi humalizia kwa tuktuk au boda. Kwa watu wawili na mkoba mmoja tuktuk ndiyo chombo, na bei mnakubaliana kabla ya kukaa. Mtokao Likoni, mnavuka feri kwa miguu bila kulipa, mkatoke mapema kabla ya umati wa asubuhi. Wenye gari wasiringe, foleni ya daraja haijali una gari gani.

Kurudi panga kabla jua halijazama. Giza la hapa huingia kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima, na mkiwa mmelowa na kuchoka ndipo bei ya tuktuk hupanda.

Mezani kabla ya geti

Mambo mawili yamalizwe nyumbani kwenye chai. La kwanza ni nani analipa nini. Langoni hakuna nafasi ya kuvutana mikono, "hapana wifi, mimi", "hapana, mimi", huku watu ishirini wako nyuma. Sisi tulikubaliana mwenyeji analipa kiingilio, mgeni analipa chakula. Kumbuka pia kwamba simu zikifungiwa kabatini, M-Pesa imefungiwa nayo, basi mwe na noti mbili tatu kwenye kifuko.

La pili ni neno la kutosha. Kila mmoja awe na haki ya kusema "natosheka" mbele ya mtelezo wowote, na mwenzake asijibu chochote zaidi ya "haya". Hakuna kubembeleza, hakuna "jaribu tu". Wanandoa ndio wanaoshindwa na hili kuliko marafiki, nimewaona mara nyingi, mume yuko juu anapiga kelele na mke yuko chini amenuna na taulo. Ukimpa mtu ruhusa ya kukataa, mara nyingi hukubali mwenyewe.

Mkifika: mpangilio wa mitelezo

Fikeni mapema, geti likifunguka. Saa ya kwanza ina foleni fupi kuliko zote, na jua bado lina adabu. Soma ubao wa viingilio vizuri, kwa sababu kuna tofauti kati ya malipo ya kutumia kila kitu na malipo ya kuingia tu. Asiyeogelea huenda akalipa kidogo. Ukipewa bangili ya karatasi, ifunge mkono usioshikia kamba.

Halafu usikimbilie mtelezo mrefu. Hili ndilo kosa la kila mtu, kwa sababu unaonekana kutoka mbali na una rangi kali. Mpangilio wangu ni huu.

Anzeni kwenye maji ya magotini. Dakika ishirini. Mwenye woga akae, maji yamfike kifuani, aloweshe uso. Mwili unaogopa baridi ya ghafla kuliko unavyoogopa kimo, na ukishauzoesha, moyo hupunguza ngoma. Wifi alikaa kati ya watoto wa miaka minne wakimmwagia ndoo, akawa wa kwanza kucheka.

Kisha mto wa kuelea kama upo, ule wa kukaa kwenye tyubu na kusukumwa taratibu. Mzunguko mmoja ni wa kujifunza jinsi ya kupanda na kushuka kwenye tyubu bila kupinduka: kaa kwanza makalio yaingie kwenye tundu, kisha inua miguu. Ukianza na miguu unapinduka. Mzunguko wa pili ni wa kutazama mitelezo mirefu kutoka chini. Tazameni nyuso za wanaotoka, si zile za wanaoingia. Wanaoingia wote wana uso wa kwenda kwa daktari wa meno.

Kisha mtelezo mfupi ulio wazi, usio na bomba. Kisha wa tyubu ya watu wawili, ambapo mzito kwa kawaida hukaa nyuma, lakini mfuateni mwangalizi anavyosema, yeye ndiye anayeujua mtelezo wake. Bomba lililofunikwa na ule ulionyooka kama ukuta huja mwisho, kwa anayetaka.

Kabla ya kupanda ngazi, someni ubao wa kimo na uzito. Mitelezo mikubwa mingi huweka kimo cha chini karibu mita 1.2. Mwenye mimba, mwenye moyo, mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, na mwenye mgongo mbovu, mnabaki mtoni kwenye tyubu, na wala si haba.

Jinsi ya kuteleza

Kaa, shika ukingo, ngoja ishara. Ukipewa ishara lala chali, miguu mbele, vifundo vya miguu vipishane, mikono ipishane kifuani kama uliyefunikwa shuka, kidevu kikielekea kifuani. Miguu ikipishana maji hayaingii kwa nguvu pasipotakiwa, na hapo wanawake mnanielewa. Ukilala, mabega na visigino ndivyo vinavyogusa, msuguano ni mdogo, unaenda laini. Ukikaa wima katikati ya njia unajifunga breki, halafu kwenye kona unayumba. Viwiko usivitoe nje kamwe, ngozi ya kiwiko ndiyo inayoachwa kwenye maungio ya plastiki.

Karibu na mwisho vuta pumzi kwa mdomo, itoe polepole kwa pua unapoingia majini. Ukisahau, maji ya klorini yatapanda hadi kwenye ubongo, au ndivyo unavyosikia. Ukisimama, usigeuke kumtafuta mwenzako. Toka kwenye njia upande mmoja, haraka, kisha ndiyo uangalie. Kugongana kote nilikowahi kukuona kumetokea hapo, mtu amesimama anapangusa macho na mwingine anamjia miguu mbele.

Wifi kwenye ngazi ya tatu alishika chuma cha pembeni kwa mikono miwili. Kucha zilikuwa na rangi mpya ya Krismasi, nyekundu, na vidole chini yake vimekuwa vyeupe.

"Wifi, nashuka kwa ngazi."

"Haya."

Akasubiri niseme zaidi. Sikusema. Kijana mmoja nyuma yetu akapita, kisha msichana wa miaka kumi hivi, akajitupa bila hata kukaa vizuri, mwangalizi akamkemea.

"Wewe unaenda?"

"Naenda."

"Ukifika chini nipungie mkono."

Nikateleza, nikatoka pembeni, nikapunga mkono. Nilidhani nitamwona akishuka ngazi. Nikasikia sauti ndani ya mtelezo, si mayowe, ni ile sauti ya mtu anayemsema mtu vibaya kwa Kikikuyu, ikikaribia, kisha bilingani likatua majini mbele yangu. Alisimama, akavuta kilemba kilichomfunika macho. Akauliza foleni inaanzia wapi. Tuliuteleza ule mtelezo mara saba. Ule wa bomba hakupanda kabisa, akasema "natosheka", nikasema "haya".

Adhuhuri na chakula

Saa sita hadi saa nane na nusu, tokeni majini. Jua ni kali, mistari ya foleni imerefuka, na waliokwisha kuchoka ndio wanaoteleza na kuanguka sakafuni. Ni saa ya kusali kwa anayesali, na leso uliyobeba ina kazi mbili. Ramadhani sikushauri kabisa kwenda. Kiu ya majini ukiwa umezungukwa na maji ni mtihani usio wa lazima.

Bustani nyingi hazitaki chakula cha nje, na walinzi wana pua. Basi kuleni vizuri asubuhi: mahamri na mbaazi ni mazuri sana kwa siku nyingine yoyote, ila mbaazi za nazi na mtelezo wa kona havipatani. Viazi vitamu au mkate na mayai vinatosha. Mchana kula nusu ya unayotaka. Kachumbari na pilau la sahani kubwa vitakulaza, na siku itakuwa imekwisha saa saba. Kunywa maji kabla ya kusikia kiu. Mtu akiwa bwawani hajui kwamba anatoka jasho, na kichwa kikianza kugonga alasiri, wengi husema ni klorini, kumbe ni maji tu hayakunywewa.

Mkiachana, na mtaachana, mwe na mahali pa kukutana panapojulikana kwa jina: mezani fulani, chini ya mnazi fulani, si "hapo hapo". Wekeni na saa. Simu iko kabatini, hutampigia.

Raundi ya pili ni kuanzia saa tisa. Hiyo ni ya kurudia mlichopenda, si ya kujaribu kipya. Tokeni saa kumi na moja kasoro, mkiwa bado mnaweza kucheka. Ogeni kwa sabuni na maji ya bomba pale pale, msisubiri kufika nyumbani, klorini ikikauka mwilini inawasha.

Lighthouse jioni

Mama Ngina, ambayo sisi bado tunaiita Lighthouse, ni kituo kidogo kinachofaa kwa sababu hakikutaki ufanye lolote. Paliboreshwa upya, na sherehe za Mashujaa za 2019 zilifanyika pale. Mibuyu ilibaki, mikubwa, ya zamani kuliko barabara yenyewe. Kaeni kwenye ukuta unaotazama mlango wa bandari. Meli za kwenda Kilindini hupita karibu hivi kwamba unaona nguo za mabaharia zimeanikwa.

Muhogo wa kukaanga na ndimu na pilipili ya unga, kwa karatasi. Dafu baada yake. Mwambie muuzaji unataka la maji au la nyama changa, halafu kijiko chake ni kipande cha kifuu atakachokuchongea mwenyewe. Njaa ya majini huja saa hiyo, si mchana, kwa hiyo hela ya muhogo msiimalize bustanini. Wifi alikula karatasi tatu, akanyamaza kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia amenyamaza.

Kabla ya kulala

Nguo za kuogelea zisilale kwenye mfuko. Zisuuze kwa maji baridi mengi na sabuni kidogo, usizikamue kwa kuzisokota, zibane tu kwa mikono, kisha uzianike kivulini. Jua na klorini vikikutana kwenye mpira wa nguo, msimu ujao itarudi kwa uvivu ukiivuta. Taulo anika juani, hizo hazina neno. Kifuko cha simu kifungue kikauke ndani. Masikio yakizibika, inamisha kichwa upande na uvute ndewe taratibu, usiingize pamba ya kijiti.

Ile ya zambarau bado iko kwenye kamba yangu ya uani, upande wa kivuli. Wifi aliondoka akaisahau, nikamwambia nitaituma kwa basi la usiku. Akasema niiache hapo hapo, anakuja Agosti.